Siku ya Kutoka: Magazeti ya Unguja na Hesabu ya Ubora, Wingi na Wakati

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Muuza halua wa Mji Mkongwe anaweza kuishi na methali hiyo maisha yake yote isimwangushe, kwa sababu halua ikionjwa mara moja jina la mpishi limeshafika Malindi. Karatasi iliyochapwa haikuwa na bahati hiyo. Katika historia ya uchapaji Unguja, tangu matbaa ya Sayyid Barghash hadi magazeti ya karne hii, vizuri vingi vilikufa bila kujiuza, na vya kawaida kabisa vikaishi nusu karne na zaidi. Ukitafuta kilichovitenganisha utakuta kwamba uzuri wa lugha ulikuwa na sehemu ndogo, na unene wa kurasa ndogo zaidi. Jambo kubwa lilikuwa kama msomaji alijua lini gazeti litamfikia. Anayeandikia watu wenye shughuli zao husumbuliwa na mambo matatu: ubora wa anachoandika, wingi wake, na kutoka kwake kwa wakati. Ninaloshikilia hapa ni kwamba Unguja la tatu ndilo lililowalea wenzake wawili, na pale lilipokosekana hao wawili hawakuwa na pa kusimama.

Kabla ya chapa, habari za biashara zilikuja na upepo. Kaskazi ilipovuma, kuanzia Desemba hadi Machi hivi, majahazi ya Arabuni, Ghuba na Bara Hindi yalishuka na tende, nguo, samli na bei. Kusi ilipogeuka yakapanda na pembe, sandarusi na karafuu. Mtu wa Forodhani aliijua bei ya pembe ya Bombay kwa msimu, na baina ya msimu na msimu alibahatisha. Aliyekopesha alikopesha kwa muda wa msimu, na aliyeahidi aliahidi kaskazi ijayo. Halafu mambo matatu yakafuatana upesi. Mfereji wa Suez ulifunguliwa 1869. Mwaka 1872, mwaka ule ule ambao tufani ya Aprili iling'oa mikarafuu mingi ya Unguja, meli za barua za British India Steam Navigation zilianza safari za kila mwezi kati ya Aden na Zanzibar. Na 1879 waya wa telegrafu wa chini ya bahari ukafika kisiwani ukitokea Aden. Ndani ya miaka kumi habari ikapata tarehe, na mfanyabiashara aliyezoea kungoja upepo akaanza kungoja siku. Jambo hili lazima litangulie katika hesabu yetu, maana mara nyingi tunadhani gazeti ndilo lililomfundisha msomaji kungoja. Hapa msomaji alikuwa ameshafunzwa na meli ya barua kabla gazeti halijazaliwa.

Matbaa ya Barghash haikujengwa kwa ajili ya kungojewa kwa namna hiyo. Sayyid alikuwa ameitembelea Uingereza mwaka 1875, na mtambo wa chapa alioutia kazini mjini kuanzia 1880 ulikuwa na lengo kubwa: kuvitoa vitabu vya elimu ya Kiibadhi kutoka katika makasha ya miswada na kuvipeleka popote walipo Waibadhi. Miongoni mwa kazi za mwanzo ilikuwa Qamus al-Sharia ya Jumayyil bin Khamis al-Saadi, mkusanyo wa fiqhi wenye majuzuu yapatayo 90. Baadaye ikachapwa pia Himyan al-Zad, tafsiri ya Kurani ya Sheikh Muhammad bin Yusuf Atfayyish wa Mzab, Algeria. Tuitazame kazi hii kwa heshima yake. Mwanachuoni akae ukingoni mwa Sahara, na kitabu chake kichapwe kisiwani penye karafuu: huo ni mwendo mrefu, na ulikuwa fahari ya kweli. Lakini kwa mizani yetu matbaa hii ilikuwa na ubora na ilitamani wingi, ila haikuwa na siku. Juzuu ilitoka ilipoiva, kwa mfuko wa mtu mmoja. Barghash akafariki Machi 1888, na katika yale majuzuu 90 yaliyotoka yakabaki kuwa sehemu ndogo tu. Hakuna msomaji aliyelalamika kwamba juzuu ya mwezi huu imechelewa, kwa sababu hakuna aliyeahidiwa juzuu ya mwezi huu.

Mwaka huo huo wa 1888, nje kidogo ya mji, kwenye chuo cha misheni ya UMCA cha Kiungani, kilianza kitu kidogo mno kikilinganishwa na Qamus. Misheni ilihamia Unguja 1864, na Edward Steere, aliyefika mwaka huo pamoja na Askofu Tozer na baadaye akawa askofu mwenyewe, aliuweka mtambo wa mkono kazini na kuwatia katika ufundi huo vijana waliotolewa katika majahazi ya watumwa. Kazi yenyewe ni ya subira. Mpanga herufi husimama mbele ya kasha la mbao lenye vyumba vingi vidogo, kila chumba na herufi yake ya risasi. Huokota moja moja na kuzipanga kinyumenyume kwenye kibao cha chuma alichoshika mkono wa kushoto. Katika kasha lililopangwa kwa ajili ya Kiingereza, chumba cha e huwa kikubwa kuliko vyote. Kiswahili kinakula a. Panga tu maneno matatu, walipofika Magila wakakaa, na umeshatumia a nane bila kugusa e hata moja. Zikiisha, ukurasa unaofuata unangoja hadi wa kwanza uchapwe, ufumuliwe, na herufi zirudishwe vyumbani mwake. Kwa hiyo kabla mhariri hajaamua gazeti liwe nene kiasi gani, kasha limeshamwamulia, na anayepigania wingi kwa mtambo kama huo anapigana na risasi.

Gazeti lililotoka Kiungani liliitwa Msimulizi, nalo lilitoka kila baada ya miezi miwili. Ndani yake kulikuwa na habari za vituo vya misheni, Magila, Masasi, Newala na kwingineko: nani amewasili, nani ameoa, nani amefiwa, mwalimu gani amehamishwa, mvua imenyesha au haikunyesha. Waandishi wengi walikuwa walimu waliosoma hapo chuoni na kutawanywa bara. Mtu anayependa fasihi akilisoma leo anaweza kuona ni habari za kawaida, na sitabishana naye. Ila faida yake haikuwa katika sentensi moja moja. Mwalimu wa Newala alijua kwamba baada ya majuma kadhaa wenzake wa Magila watasoma habari zake, na kwamba asipoandika kutakuwa na pengo lenye jina la kituo chake. Tarehe ilimfanya aandike. Msimulizi liliendelea hadi 1896, miaka minane, na wanahistoria wanaotafuta sauti za Waafrika wenyewe za miaka hiyo wanalirudia kila siku, kwa sababu moja tu: walimu wale hawakungoja wawe na jambo kubwa la kusema.

Jaribio la pili la namna hii lilikuwa la wakubwa. Februari 1892 Gerald Portal, balozi wa Uingereza, aliitangaza Zanzibar kuwa bandari huru, na Februari hiyo hiyo likaanza kutoka Gazette for Zanzibar and East Africa. Sidhani kwamba mambo hayo mawili yalikutana kwa bahati. Bandari huru ni ahadi kwa wafanyabiashara kwamba sheria zinajulikana na hazibadiliki usiku, na ahadi ya namna hiyo inahitaji karatasi inayotoka kila wiki, yenye matangazo ya serikali, meli zilizoingia na zitakazoondoka, na habari za soko. Mwenye shehena ya karafuu hakulisoma Gazette kwa ladha ya lugha. Alilisoma kwa sababu lilikuja wiki iliyopita na lingekuja wiki ijayo. Mwaka 1896, Agosti 27, manowari za Kiingereza zilipiga kasri kwa muda usiofika saa moja na Sayyid Khalid akakimbilia kwa Wajerumani. Mfalme akabadilika, na gazeti likaendelea. Kwa miongo iliyofuata lilizidi kuwa la kiserikali, likabakiwa na nyongeza iliyobeba habari za mjini, hata za mpira, na hadi leo Zanzibar ina Gazeti Rasmi lake. Hakuna kazi nyingine ya uchapaji kisiwani iliyoishi umri huo.

Hapa mtu atanikatiza, na ana haki. Atasema: unachosifu si uthabiti, ni hazina ya serikali. Mwenye kodi ya nchi mfukoni hahitaji kupendwa na wasomaji. Atachapa kila wiki hata asomwe na makarani watatu. Hilo ni kweli, na lau tungekuwa na Gazette peke yake hoja yangu ingeanguka hapa hapa. Lakini yako magazeti ya wafanyabiashara wenyewe. Samachar, la Kigujarati na baadaye pia la Kiingereza, lilianza mwanzoni mwa karne ya 20 likaingia hadi miaka ya 1960; mwaka 1922 likafuatiwa na Zanzibar Voice, nalo la Kiingereza na Kigujarati. Haya hayakuwa na hazina. Yaliishi kwa wanunuzi na matangazo, na tangazo ni bidhaa inayooza. Mwenye duka anayetangaza nguo zilizoshuka na meli ya juma hili hana haja na gazeti zuri litakalotoka juma la tatu, nguo zikiwa zimeshachakaa mwilini mwa wateja wa jirani yake. Analipia siku. Na jamii iliyokuwa na desturi ya kufungua vitabu vipya vya hesabu kila Diwali haikuhitaji kufundishwa kwamba tarehe ni sehemu ya mali. Hivyo fedha ya serikali inaweza kununua uthabiti, lakini pia uthabiti unaweza kuleta fedha, na njia hii ya pili ndiyo iliyoyaweka magazeti ya Kihindi mjini kwa zaidi ya kizazi kimoja.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni la wapenda ubora. Mwaka 1911 lilianza al-Najah, gazeti la Kiarabu ambalo jina la Abu Muslim Nasir bin Salim al-Bahlani limefungamana nalo. Abu Muslim alikuwa kadhi, na katika ushairi wa Kiarabu wa Oman hadi leo hakuna anayethubutu kumweka safu ya pili. Kalamu ya kiwango hicho haikupatikana katika Samachar, seuze Gazette. Na al-Najah lilidumu miaka michache tu. Je, tuseme basi kwamba lilishindwa? Mashairi ya mtu huyo yanaimbwa Maskati na Nizwa, na makusanyo ya matangazo ya meli ya 1911 yanaliwa na mchwa. Vivyo hivyo Himyan al-Zad liko katika maktaba za wanavyuoni, na hakuna anayehifadhi bei ya frasila ya karafuu ya Jumatatu fulani ila mtafiti.

Nakubali nusu ya pingamizi hilo, na nusu nyingine nairudisha kwa mwenyewe. Kitabu na shairi vinaweza kungoja. Mwenye navyo akifa, mwanawe atavifungua. Gazeti haliwezi, kwa hiyo kulipima kwa kipimo cha kitabu ni sawa na kumlaumu mvuvi kwamba samaki wake hawadumu kama nazi. Abu Muslim hakuhitaji gazeti ili awe Abu Muslim. Swali la haki ni lingine: mtu wa kawaida, ambaye hakuzaliwa na kalamu ile, anaufikiaje ubora? Hapo ndipo historia ya Unguja inapokuwa na jambo la kusema, na hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Idara ya Elimu ya Zanzibar ilikuwa na gazeti lake la walimu, Mazungumzo ya Walimu, kuanzia miaka ya 1920. Kwa jina lake tu unajua si jukwaa la magwiji. Walimu wa skuli za Unguja na Pemba waliandika juu ya kufundisha, desturi, kilimo, maana za maneno, na mambo ya kale ya miji yao. Ilikuwa miaka ile ile ambapo Kiunguja, baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928, kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mabishano ya tahajia yalikuwa moto. Lahaja ikichaguliwa hivyo inahitaji watu walioizoea katika maandishi, si katika kauli tu, na watu hao hawakuokotwa barabarani. Walizoezwa na karatasi hizi, toleo baada ya toleo, mwalimu akiona makosa yake yamechapwa, na mwenzake akimjibu katika toleo linalofuata.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Muhammed Said Abdulla. Alizaliwa 1918 Makunduchi, kusini mwa Unguja, akafanya kazi katika Idara ya Afya, mkaguzi wa vyakula. Mwaka 1948 aliingia katika uhariri, kwanza katika gazeti lililoitwa Zanzibari, kisha kwa karibu miaka kumi akawa mhariri msaidizi katika Al-Falaq, Al-Mahda na Afrika Kwetu. Anayezijua siasa za miaka ile atashtuka: Al-Falaq lilikuwa gazeti la Jumuiya ya Waarabu tangu 1929, na Afrika Kwetu, lililoanzishwa 1948 na Mtoro Rehani Kingo, lilisemea upande mwingine kabisa. Inaelekea kupanga kurasa hakuna chama. Baada ya miaka hiyo ya kukata habari za watu wengine ziingie katika nafasi iliyobaki ndipo hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ikashinda mashindano ya East African Literature Bureau ya 1957 na 1958, ikatoka kitabu 1960. Msomaji wa Kiswahili akampata Bwana Msa, mtu wa kiko na maswali, ambaye anafumbua mauaji katika shamba la Unguja kwa kutazama kile ambacho wenziwe wamekipita. Mwaka 1958 mwandishi huyu alichukua uhariri wa Mkulima, gazeti la kilimo, akabaki nalo hadi alipostaafu 1968. Yaani alipokuwa ameshashinda tuzo hakukaa nyumbani angoje pumzi ya ilhamu imjie. Alikwenda kuhariri gazeti la wakulima kwa miaka kumi, na Kisima cha Giningi kikatoka 1968, mwaka aliostaafu.

Atakayesoma Mzimu wa Watu wa Kale akiwa na habari hii atauona mkono wa gazeti. Mazungumzo ni mafupi, kila moja lina kazi, na kisa kinakatwa pale ambapo msomaji hataki kikatwe. Sisemi kwamba kila mhariri msaidizi atamzaa Bwana Msa. Wengi walihariri miaka ishirini na hawakuacha hata sentensi ya kukumbukwa. Ninachosema ni kidogo kuliko hivyo. Kipaji kilikuwepo, lakini hadi umri wa miaka thelathini hakikuwa na pa kufanyia mazoezi, na kilichokipa mahali ni dawati lenye siku ya kutoka. Ukaguzi wa vyakula haukumpa dawati hilo, na matbaa ya Barghash, kwa utukufu wake wote, isingempa pia.

Imebaki habari ya wingi, nao Unguja iliujaribu kwa nguvu katika ile miaka inayoitwa Zama za Siasa, kuanzia uchaguzi wa Julai 1957 hadi uhuru wa Desemba 10, 1963. Mashine ya roneo ilikuwa imeliondoa lile kasha la risasi. Sasa mtu alihitaji taipu, karatasi ya nta, wino na usiku mmoja. Utepe wa taipu hutolewa ili herufi ichome nta moja kwa moja. Likitokea kosa, hupakwa dawa ya rangi, hungojwa likauke, hupigwa tena juu yake. Kisha stensili huvishwa kwenye gurudumu, mkono huzungushwa, na kurasa huanza kuanguka upande wa pili zikinuka wino, za kwanza nzito, za mwisho zikififia hata usitofautishe o na e. Asubuhi zinauzwa. Kwa njia hii Kipanga, Agozi, Kibarua na nyingine nyingi zikajaa barazani, na ZaNews ya Abdulrahman Babu ikatoka kila siku. Hapo ndipo mtetezi wa wingi anaponiambia: umeona? Watu walitaka nyingi na upesi, na zilisomwa, zikasomewa hata wasiojua kusoma.

Zilisomwa, ndiyo. Lakini tazama zilifanya nini na zilifanywa nini. Karatasi hizo zilikuwa zikijibizana, na majibizano hayana siku, yana hamaki. Leo mtu kaitwa mgeni, kesho kaitwa mtumwa, keshokutwa ukoo wake mzima. Mwandishi aliyekuwa na wiki nzima mbele yake angeweza kulala na sentensi na kuamka akaifuta. Mwenye stensili ya usiku hakuwa na asubuhi hiyo. Juni 1961 ghasia za uchaguzi ziliua watu 68 kisiwani, na ingawa siweki vifo vile mlangoni mwa gazeti moja, hakuna anayeweza kuisoma lugha ya karatasi za miaka ile akasema haikuchangia. Tofauti yake na magazeti ya kila wiki isikuzwe, maana Mwongozi, lililoanzishwa 1942 na Ahmed Seif Kharusi na baadaye kuandikwa na Ali Muhsin Barwani, lilikuwa na ulimi wake, na Afrika Kwetu halikuwa na upole wa kupindukia. Hata hivyo yale yaliyokuwa na ratiba yalibeba pamoja na siasa habari za skuli, misiba, bei na vitabu, mambo ambayo yanamlazimu mhariri akumbuke kwamba msomaji wake ana maisha mengine. Wingi uliokosa siku ulibeba hasira peke yake.

Pingamizi la mwisho ndilo ninaloliogopa kuliko yote. Uthabiti, mtu atasema, hauko mikononi mwa mwandishi. Mwaka 1954 serikali ya Mwingereza iliishitaki kamati nzima ya Jumuiya ya Waarabu kwa uchochezi kwa yaliyoandikwa katika Al-Falaq, gazeti lililokuwa limeshatimiza robo karne. Babu alifungwa 1962 kwa kosa la namna hiyo hiyo. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 magazeti ya vyama na ya jumuiya yakatoweka, likabaki Kweupe la serikali, na Zanzibar ikaishi miongo mingi bila gazeti la mtu binafsi. Mwaka 1988 sheria ya usajili wa magazeti na vitabu, namba 5, ikaweka mlango na ufunguo wake serikalini. Ndipo mwishoni mwa 2002 likatokea Dira, gazeti la kila wiki chini ya mhariri Ali Nabwa, la kwanza la binafsi tangu Mapinduzi. Lilikuwa na ubora. Historia ya nchi iliandikwa humo kwa namna ambayo watu walikuwa wamezoea kuisikia kwa kunong'onezana tu. Lilikuwa na siku yake. Novemba 2003 likafungiwa.

Sina jibu la kulishinda pingamizi hili, na ningekuwa mwongo nikilitengeneza. Lakini ninaona kwamba linaisogeza hoja yangu badala ya kuivunja. Dola haikuwa na shida na kizuri kinachotoka mara moja. Kitabu kimoja kilichochapwa nje huingia na msafiri, husomwa, hufichwa. Wala kipeperushi cha usiku mmoja hakikuwahi kuitisha kwa muda mrefu. Walichokifungia, mara kwa mara, tangu 1954 hadi 2003, ni kitu chenye siku: kinachowazoesha watu kungoja, kisha kuuliza, kisha kudai jibu la swali la wiki iliyopita. Wafungaji walijua thamani ya ratiba vizuri kuliko waandishi wengi wanaodhani kwamba kazi yao ni kungoja wawe na la maana.

Zanzibar Leo la serikali likaendelea kutoka, na wale waliotaka gazeti jengine walikuwa na yale ya bara. Hayo yanachapwa Dar es Salaam na yanavuka bahari. Kwa hiyo msomaji wa Darajani wa mwishoni mwa 2003 alijikuta pale alipokuwa mfanyabiashara wa 1872, amesimama upande wa bandarini, anaulizia boti imefika saa ngapi.